Kisanduku cha Katikati

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Wahenga hawakuwa na shamba katikati ya ndugu hao. Mimi ninalo. Kushoto kwangu yuko shemeji Thoya na nyanya zake, kulia yuko shemeji Ziro na matikiti yake, na mimi Janet, mjane wa ndugu yao, nimebanwa hapo na pilipili hoho zangu, jembe mkono mmoja na maneno yao mkono wa pili. Baba mkwe aligawa ardhi yake hapa Matsangoni kwa kufuata watoto walivyozaliwa. Dena wangu alizaliwa wa pili, akapewa katikati, akafa, na ukatikati nikaurithi mimi.

Thoya na Ziro hawasemezani. Walianza kununiana kwenye matanga ya baba yao, kwa sababu ya kidari cha mbuzi. Katika boma letu kidari ni cha mkubwa. Thoya, ambaye ndiye mkubwa, alikuwa kaburini akiwahimiza wachimbaji, na aliporudi akamkuta Ziro amekila na mafuta bado yanamng'aa kidevuni. Ziro akasema alidhani kaka ameshashiba. Thoya akasema mtu hashibi kaburini. Basi, ndiyo ikawa mwisho wa salamu. Wazee wazima wenye wajukuu, wameacha kuamkiana kwa kipande cha nyama ambacho hakikuwa hata kimeiva vizuri. Najua, maana nilikipika mimi.

Tangu siku hiyo njia ya maneno ni mimi.

"Shemeji," Thoya huniita asubuhi kutoka mpakani kwake, "mwambie yule mla vya watu kwamba jana aliacha maji yakimwagika. Mwambie ana akili za kuku aliyenyeshewa."

Navuka shamba langu, nafika mpaka wa pili. "Shemeji Ziro, kaka anaomba tuwe waangalifu na maji."

"Ndivyo alivyosema?"

"Kwa ufupi."

"Nawe mwambie aangalie nyanya zake, zimejikunja kama uso wake."

Narudi. "Shemeji Thoya, nduguyo anakuulizia hali ya nyanya."

Nilikuwa nikiyachambua maneno yao kama mchele: mawe natupa, punje napeleka. Kazi hiyo haina mshahara, na shukrani sikuzitarajia. Kilichokuja kunitia uchungu ni kwamba haikuwa na likizo.

Maji yetu hutoka kwenye tangi moja, lililojengwa upande wa barabara, kwenye ncha ya shamba langu, kwa kuwa ndipo mahali pekee ndugu wote wawili walipokubali kupatazama. Kila mtu hufunguliwa maji kwa zamu, na zamu hizo hubadilika kwa jua, kwa mimea na kwa kisirani cha mtu. Zamu inataka makubaliano, makubaliano yanataka maneno, na maneno yanataka Janet. Nikiondoka siku mbili, nyanya zinakauka huku na matikiti yanakauka kule, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kuomba. Nilishawahi kwenda Kilifi kwa jino tu, nikarudi nikakuta hoho zangu zimelala chini na wao wamekaa vivulini, kila mtu na chake.

Na mwaka huu nilitaka kuondoka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote. Binti yangu Charity, aliyeolewa Kuruwitu na kijana wa bara aitwaye Maina, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mjukuu wangu wa kwanza! Nilitaka niwepo nimpokee, nimwoshe mimi mwenyewe, nimkande mama yake kwa maji moto, nimpikie uji wa pilipili manga arobaini nzima. Lakini hatari ilikuwa inakuja kutoka Murang'a. Mama yake Maina alikuwa ameahidi kuja na njahi, zile kunde zao nyeusi ambazo kwao mzazi hulishwa mpaka aombe msamaha.

"Gunia zima, mama," Charity aliniambia kwenye simu. "Wahi."

Nitawahi vipi, na mimi ndiye mfereji?

Ndipo alipokuja Moraa. Ni binti wa Kikisii, mfanyakazi wa shirika moja linalosaidia wakulima, ana viatu vya mpira na adabu, maana aliniamkia shikamoo kabla hajauliza jina langu. Alileta visanduku vitatu, kila kimoja kama kipande cha sabuni, kimesimama juu ya kijiti na miguu miwili ya chuma ya kuzama udongoni na kuonja kama pakavu. Kwenye tangi akafunga kisanduku kikubwa cha nne, cha kupokea habari na kufungua maji chenyewe.

"Mama, hii haina nguvu mingi," akanieleza. "Betri yake ni kidogo na inafaa ikae msimu mzima. Kwa hivyo haipigi kelele. Inanong'onezea jirani yake, jirani anapitisha mbele, mpaka inafika kwa tangi."

"Na nani anayebeba?"

"Zote. Zinapokezana. Ile iko na nguvu siku hiyo ndiyo inabebea wenzake."

"Kama kikoa," nikasema.

Hakujua kikoa. Nikamweleza: leo twala kwangu, kesho twala kwako, hakuna mwenye chungu cha kudumu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Akafurahi, akasema ni hivyo hasa.

"Na mimi nitaweza kusafiri?"

"Mama, enda hata Nairobi. Maji itajifungua yenyewe."

Nilimpenda msichana huyo papo hapo.

Akatuita sote penye tangi atufundishe. Thoya akasimama upande huu wa tangi na Ziro upande ule, ili tangi liwafiche. Moraa akaeleza. Alipomaliza, Thoya akakohoa.

"Shemeji, hebu muulize huyu binti: neno la kisanduku changu litapita katika kisanduku cha mtu fulani?"

Moraa alikuwa mbele ya pua yake.

"Na wewe shemeji," Ziro akasema kutoka nyuma ya tangi, "mwambie mtu fulani kwamba mimi pia sitaki habari za udongo wangu zilale kwake."

Moraa akafungua kinywa ajibu, akaona wote wawili wananitazama mimi. Nikamuuliza alichosikia, akanijibu, nikawajibu walichosikia. Baadaye akanivuta kando.

"Mama, hawa wazee hawasikii vizuri?"

"Wanasikia sana. Endelea na kazi yako, mwanangu."

Wakakubali kwa sababu ya jua. Visanduku viwili vya ndugu vikasimamishwa nyuma, kila kimoja katika shamba la mwenyewe, vikitazamana juu ya mashina yangu ya hoho. Changu kikawekwa mbele, karibu na tangi. Nacho kikaanza kazi. Nilikuwa nimekaa nachambua mchicha nikasikia maji yanatoka yenyewe kwa Thoya, yakajifunga, yakaenda kwa Ziro, yakaja kwangu. Hakuna aliyemtukana mtu. Nilitoa sanduku langu la safari chini ya kitanda, nikatia kanga mpya, pilipili manga na mafuta ya nazi ya kumkandia Charity.

Kisha maji yakakatika. Taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku changu ilikuwa imezima. Moraa akaja, akatia betri mpya, akasema labda ya kwanza ilikuwa mbovu. Nayo haikukaa. Akatia nyingine, nayo ikafa. Vya mashemeji zangu vilikuwa vinawaka tu, vimenona, kana kwamba havijawahi kufanya kazi.

Nami nikawa nimerudi kule kule, navuka shamba na matusi yaliyochambuliwa, nafungua na kufunga maji kwa mkono. Simu za Charity zikawa zinakuja. Mama, miguu imevimba. Mama, mama mkwe amepanda basi. Mama, amefika. Mama, ameshaanza kuloweka.

Safari hii Moraa alikaa chini kivulini kwa tangi na kompyuta yake mapajani, akakunja uso kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "hii yako inabeba mzigo ya kila mtu. Zile mbili hazibebi kitu. Kila neno ziko nayo zinaleta kwako, na wewe ndio unapeleka. Ndiyo maana inachoka hivi."

Nilicheka nikashika tangi nisianguke. Moraa akadhani naumwa.

"Punda afe mzigo ufike," nikasema nilipopata pumzi. "Hebu niambie, vimejuaje?"

"Nini?"

"Visanduku. Vimejuaje desturi ya boma hili?"

Akasema visanduku havina desturi. Vile viwili vya nyuma vilitakiwa vizungumze vyenyewe, kisha vipokezane na changu kazi ya kufikisha habari tangini. Vikishindwa kusikiana, vyote hukimbilia kwangu. Kuna kitu kinaziba hapo kati, akasema, pengine chuma. Twende tukaone.

Kwa Thoya tulikuta bati zima limesimamishwa ubavuni mwa kisanduku, limefungwa kitambaa chekundu, upande mmoja tu, ule unaoelekea kwa Ziro; nilikuwa nikiliona kwa mbali nikidhani ni la kufukuza ndege.

"Mzee, hii ni ya kuzuia mvua?" Moraa akauliza.

"Ni ya kuzuia kijicho," Thoya akamjibu, maana na binti huyo hakuwa amegombana. "Kisanduku changu kinatazamana na cha mtu fulani. Mtu aliyekula kidari cha matanga, atashindwa kula betri?"

Tukavuka kwa Ziro. Yeye alikuwa amekata pipa la mafuta katikati kwa urefu na kulisimika udongoni likiwa limempa Thoya mgongo. Kisanduku kilikuwa kimejikunyata ndani yake kana kwamba kinaota moto. "Sikutaka niambiwe nasikiliza siri za watu," akasema. "Hilo ni pipa la heshima."

Ilionekana walifanya hivyo siku ile ile, bila kushauriana, ndugu wa damu kweli. Na wote wawili walikuwa wameuacha wazi upande wa mbele, kiliko kisanduku changu.

Moraa akaeleza kwamba sauti ya kisanduku haipiti chuma. Viondolewe tu. Nikaenda kwa Thoya.

"Mwambie aanze yeye," Thoya akasema.

Nikaenda kwa Ziro.

"Mwambie mkubwa ndiye hutangulia. Au ukubwa wake ni wa nyama tu?"

Nikageuka. Nilikuwa nimefika katikati ya hoho zangu, nayatafuna yale maneno nipate ya kumpa Thoya bila kumchoma, simu ikalia. Alikuwa Charity, anahema.

"Mama, uchungu ulianza usiku, sasa umekaza."

Nilisimama hapo. Mbele yangu bati, nyuma yangu pipa, na mwanangu anazaa. Hasira iliyonipanda sijaijua tena. Nilikuwa na hasira na kidari, na baba mkwe na kipimo chake cha ardhi, na Dena wangu kwa kufa akaniachia watu hawa. Nikaenda kwa Thoya mbio.

"Shemeji, Ziro amesema ukubwa wako ni wa nyama tu. Na kabla ya hapo alisema uso wako umejikunja kama nyanya zako. Na wakati wa ile mvua alisema paa lako linavuja kwa sababu hata mabati yanakukimbia."

Thoya akafungua kinywa.

"Bado," nikamwambia, nikakimbia kwa Ziro. "Shemeji, Thoya amesema uanze wewe. Na amekuita mla vya watu, na kuku aliyenyeshewa, na alisema matikiti yako ni makubwa kwa sababu yamejaa upepo kama mwenye nayo. Nilikuwa nikikuletea salamu. Salamu nilikuwa nazitunga mwenyewe! Haya ndiyo mliyopelekeana. Nimewarudishia mali yenu, mimi naenda kumwona mjukuu wangu."

Nikaingia ndani kuchukua sanduku. Nilikuwa nafunga mlango niliposikia sauti.

"Kuku?" Ziro alikuwa anapiga kelele mpakani kwake.

"Aliyenyeshewa!" Thoya akajibu kutoka mpakani kwake.

"Sema tena, sikusikia!"

Hawakuwa wakisikiana vizuri, kwa sababu shamba langu lilikuwa katikati. Basi wakalivuka. Wakaja wakisogea kila mmoja kutoka upande wake, wakizikanyaga hoho zangu, mpaka wakasimama pua kwa pua.

"Mama, watapigana!" Moraa akaniambia.

"Waache. Wana mengi ya miaka."

"Ukasema paa langu linavuja?"

"Halivuji?"

"Linavuja! Lakini si wewe wa kusema!"

"Toa bati lako!"

"Toa pipa lako!"

"Sitoi mpaka utoe!"

Hakuna aliyemwamini mwenzake atoe kweli. Kwa hiyo Thoya akaenda shambani kwa Ziro kung'oa pipa kwa mikono yake mwenyewe, na Ziro akaenda shambani kwa Thoya kuliangusha bati kwa teke. Kila mmoja aliifanya kazi ya mwenzake kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona katika kazi zao wenyewe. Moraa akatazama kompyuta yake, akapiga kofi. "Zinasikiana! Mama, zinasikiana!"

Thoya akarudi akilikumbatia pipa, jasho linamtoka. Akalitua. Akalizunguka akilitazama.

"Pipa zuri hili," akasema. "Ulilipata wapi?"

Nilitazama nyuma yangu nione anaongea na nani.

"Kilifi," Ziro akasema. "Yule mwenye gereji. Yako mengine."

Sikungoja zaidi. Moraa alinipakia kwenye pikipiki yake, na sanduku langu kifuani, mpaka barabara kubwa. Njia nzima niliomba mtoto asiwe na haraka. Nikapanda matatu, nikapita Kilifi, nikapita njia panda ya Takaungu, nikashuka Vipingo nikatafuta boda, na kila mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzito, na kila tuta la barabara lilikuwa limejengwa kwa ajili yangu.

Nilifika usiku, nimechelewa. Mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa kwenye zahanati, ameshaletwa nyumbani, ameshaoshwa, ameshafungwa shali nene ya sufu ya watu wa baridi. Ameshikwa na Jedida, mama yake Maina, kwenye kiti kilichokuwa kulia kwa kitanda, na chumba kizima kinanuka njahi. Iliniuma. Siwezi kusema vinginevyo. Nilikuwa na mikono mitupu na kanga mpya sandukuni, na mikono ya mtu mwingine ndiyo iliyommwagia mjukuu wangu maji ya kwanza.

Nikambusu Charity, nikaketi kushoto kwa kitanda. Jedida akanitazama. Nami nikamtazama.

"Charity," nikasema, "mwambie mama mkwe wako kwamba huku kwetu Pwani mtoto akifungwa shali ya sufu hupata vipele."

Jedida akamgeukia Charity pia. "Ambia mama yako hii shali ilifunga Maina na hana kipele hata moja."

"Mwambie Maina alizaliwa kwenye baridi."

"Na umuulize yeye alikuwa wapi, sisi tukihangaika na mtoto."

"Mwambie nilikuwa na kazi. Na umwambie aliyejifungua leo apewe uji wa pilipili manga, si maharage."

"Ambia yeye hii si maharage."

Charity alikuwa anageuza kichwa kushoto, anakigeuza kulia, anafungua midomo, anaifunga. Macho yake yalikuwa yamezama. Nikaona anatafuta neno laini la kumpa mama mkwe wake, kisha akaacha kulitafuta, akafumba macho.

"Mama," akasema, "yuko hapo. Mimi nimezaa leo. Mwambie mwenyewe."

Nikaona aibu mpaka masikio yakanichemka. Mwanangu hajamaliza hata siku moja na mtoto wake, na mimi nimeshampandisha mzigo kichwani.

Nikavuta kiti, nikazunguka kitanda, nikakaa upande wa kulia. Ilikuwa shida kuanza.

"Dada," nikamwambia Jedida. "Alilia sana alipooshwa?"

"Sana," akasema. "Alipiga kelele mpaka majirani wakakuja. Nilikuwa nataka tukungoje, dada, lakini yeye ndio alikataa kungoja." Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mikono. "Umeosha mikono? Haya, shika. Na hiyo shali, kama ni moto sana, tutoe tu."

Nikampokea mjukuu wangu. Alikuwa mwekundu na mwenye hasira, nikamfungua ile shali taratibu, nikamfunga kanga. Nilipogeuka kumwonyesha Charity, alikuwa ameshalala.